Shaba Inayokumbuka Baridi

12 Januari 1992

Mwanangu,

Sisi wazima. Bibi yako mzima, anakula, anagomba. Paa la jikoni bado linavuja, nimeweka ndoo. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu. Amepata mashine mpya, inapiga kelele mchana kutwa, kwa hiyo Bibi amepata kitu kingine cha kulalamikia mbali na mimi. Nimepumzika kidogo.

Kiwandani ni kazi ileile. Tunatoa mabarafu, tunayaburuta kwa ndoano, tunapakia magari. Msimamizi ametuletea glovu. Zimetoboka, lakini ni glovu.

Jambo langu ni hili. Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko. Nasema maabara. Wanauliza maabara ya nini, ya damu? Nasema sijui. Bibi yako ameshawaambia watu wa zahanati kwamba wewe ni daktari wa vyuma. Nesi akacheka. Bibi akamwuliza, "Unacheka nini, kwani chuma hakiugui?" Mimi nimechoka kusema sijui. Niandikie unafanya nini. Andika kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la nne. Usiniletee vitabu.

Bibi anauliza unakuja lini. Ulisema Aprili. Ameshaanza kufagia chumba chako. Nikamwambia Aprili bado, akaniambia mimi nisiyejua kushika fagio nisimpangie. Ndivyo tunavyoishi tangu tumzike mama yako, mwaka wa tisa huu. Mkwe na mkwewe ndani ya nyumba moja, asubuhi tunasalimiana, mengine ni matusi.

Ameagiza nikuandikie hivi: vaa nguo ndani ya nguo.

Baba yako


6 Februari 1992

Baba, shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yake, usimpunguzie.

Huku mimi sijambo. Baridi ipo lakini chumba changu kina bomba la joto, linagonga ukutani kama mtu anayedai afunguliwe. Mwambie Bibi nimevaa nguo ndani ya nguo mpaka nashindwa kukunja mkono.

Umeuliza kazi yangu. Nina kipande cha shaba, kidogo, hakifiki uzito wa kitufe cha shati. Ndani yake zimechanganywa chembe chache za madini mengine, na kila chembe ni kama sumaku ndogo sana, kama sindano ya dira. Sasa chukua watu watatu wa nyumba moja, na kila mmoja hataki kabisa kuangalia upande mmoja na mwenzake. Wakiwa wawili ni rahisi, huyu anaangalia mlangoni, yule dirishani. Wa tatu aangalie wapi? Popote atakapogeuka kuna mmoja atakayenuna. Nadhani unajua ni nyumba gani ninayoifikiria, wakati Mama yupo.

Basi ndani ya shaba kuna watatu wa namna hiyo wengi mno. Hakuna mpango wa kuwaridhisha wote. Tukiipooza sana wanaganda kila mmoja na upande wake, lakini hawatulii. Wanageukageuka polepole, wanatafuta nafuu. Kadiri wanavyokaa ndivyo wanavyokuwa wagumu kugeuzwa. Huko ndiko tunakokuita kuzeeka, ingawa shaba yenyewe haichakai wala haipati kutu. Na umri wake hauhesabiwi tangu ilipotengenezwa. Unahesabiwa tangu ilipogandishwa mara ya mwisho.

Jambo linalonishangaza kila siku ni hili. Nikiiweka muda mrefu kwenye baridi ya kiasi fulani, halafu nikaipooza zaidi, inajifanya kijana. Ukiipima utasema haijawahi kungoja popote. Lakini nikiirudisha juu polepole, ikifika palepale ilipowekwa, inakumbuka. Mashine inaonyesha wazi. Ni kama inasema, hapa nilikaa.

Ila ikipanda moto kupita mahali fulani, basi, imesahau yote na tunaanza upya. Na usifikiri moto wa jiko. Kwa shaba hii, barafu ya kiwandani kwenu ni tanuri.

Sasa Baba, tumeanza kuingoja. Mkubwa wangu, huyu tunayemwita Mzee wa Miwani, anataka tuingoje miezi, hapa maabara hakuna aliyewahi kusubiri hivyo. Mimi ndiye ninayeiangalia. Naongeza maji ya baridi yanayoifunika, asubuhi na jioni, hakuna Jumapili. Kwa hiyo Aprili sitaweza. Mwambie Bibi kwa taratibu. Asiache kufagia, nitakuja.

Mwanao, yule mliyemwita Mama Maswali


2 Machi 1992

Mwanangu,

Barua nimepata. Nimemsomea Bibi yote, hata pale pa nyumba ya watu watatu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie huyo wa tatu, anayeangalia ukutani, ni wewe." Halafu akasema shaba yako ina akili kuliko mimi, maana mimi nikitumwa chumvi narudi na kiberiti.

Kuhusu barafu yetu kuwa tanuri, nimewaambia wenzangu. Mmoja wao, tunayemwita Kifupi, amesema basi leo tumefanya kazi jehanamu bila kujua.

Pale uliposema umri unahesabiwa tangu ilipogandishwa mara ya mwisho, nilisimama kusoma. Nikasema, basi mimi nina miaka tisa. Nilisema kwa sauti, sikukusudia. Bibi hakunitukana.

Alinitaka nirudie pale pa kukumbuka. Nikarudia. Kesho yake akanitaka nirudie tena.

Aprili tumeelewa. Bibi ameelewa. Sasa analala sebuleni, kuna hewa. Aliteleza uani kidogo. Ni jambo dogo. Mimi niko sawa. Ndoo ya jikoni nimebadilisha.

Baba yako


28 Machi 1992

Baba, shikamoo.

Nashukuru kwa salamu za Kifupi. Mzee wa Miwani nilimtafsiria ile ya jehanamu, akacheka kidogo kisha akaniuliza kama kazini kwenu mna nguo za baridi. Nikamwambia mna glovu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Bibi hajawahi kulala sebuleni, hata siku mvua ilipoingia chumbani kwake alilala juu ya meza ya kushonea kuliko kulala mahali wewe unapopita. Aliteleza vipi? Aliumia wapi? Anatembea? Zahanati wamesema nini? Na mbona safari hii hakuna agizo lake? Siku zote kuna agizo. Hata lile la kunikataza kula vya ukutani, nikakaa wiki nzima bila kujua ni mashine za ukutani zinazouza biskuti, alizozisikia redioni.

Shaba bado inangoja vizuri. Lakini ni shaba. Ukisema nije, nitamwachia mtu mwingine.

Usinijibu "ni jambo dogo."

Mwanao


18 Aprili 1992

Baba, shikamoo.

Naandika haraka. Juzi umeme ulikatika jengo zima, na pampu ya akiba haikuwaka. Tulipofika, shaba ilikuwa imepata joto. Joto la chumba tu, joto la kukaa na shati. Imesahau yote. Kazi yote ya tangu Januari haipo, na ukiishika mkononi ni kipande kilekile, kinang'aa, huwezi kujua kwamba kuna kitu kimepotea.

Nililia chooni. Mzee wa Miwani alinikuta nimetoka na macho mekundu, akajifanya kupangusa miwani yake.

Sasa sikiliza. Maji ya baridi hayapo, mpaka yaagizwe, na yatachukua wiki nyingi. Amenipa ruhusa. Naweza kuja. Naweza kuja hata kesho kutwa. Ila naogopa kukurupuka nikamtia Bibi hofu, akiniona tu mlangoni atajua kwamba nimeitwa. Wewe ndiye uliye karibu naye. Nipigie telegramu, neno moja tu, "njoo." Sanduku nimeshalitoa chini ya kitanda.

Nangoja.

Mwanao


9 Mei 1992

Mwanangu,

Barua yako nimepata. Nimechelewa kujibu, kazi nyingi.

Usije. Bibi yuko sawa. Nyonga inamuuma lakini fundi cherehani anamsaidia kuoga, mimi napika uji. Juzi ameuangalia akaniuliza, "Hiki cha kunywa au cha kuzibia ukuta?" Kwa hiyo unaona yuko sawa.

Agizo lake ni hili, maneno yake mwenyewe: fanya kazi yako, ukimaliza ndiyo uje, sisi hatuendi popote.

Baba yako


30 Mei 1992

Mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Bibi yako amefariki. Jumatatu asubuhi, wakati wa chai. Tumemzika Jumanne. Watu walikuja wengi, hata nesi aliyecheka. Fundi cherehani ameshona sanda, hakutaka mtu aguse mashine yake.

Leo karani wa kiwanda amerudi kutoka likizo, amefungua sanduku la posta. Ufunguo alikuwa nao yeye. Ndani kuna barua yako ya Aprili. Nimeisoma nimesimama pale pale kwenye lango la magari. Ile niliyoijibu mimi ilikuwa ya Machi.

Nakuambia ilivyokuwa, bila kupaka rangi.

Alivunjika nyonga Februari mwishoni. Zahanati walisema apelekwe hospitali kubwa. Hospitali kubwa walisema kwa umri wake hawapasui. Tukarudi. Kila siku nilisema nakuandikia. Kila siku alikataa. Nikamwambia mtoto atanilaumu. Akasema, "Na mimi nikikulaumu je?" Nikamwambia wewe umeshanilaumu miaka ishirini na tano, nimezoea.

Hapo hakucheka. Akasema nilete barua ya shaba. Nikaleta. Akaweka kidole pale pa kukumbuka, yeye asiyejua kusoma, lakini alikuwa ameshapajua mahali pake kwenye karatasi. Akasema, "Mtoto wangu alikata roho amemshika mkono binti yake. Binti alikuwa bado mwanafunzi. Umeona amekaa miaka mingapi mpaka akacheka tena? Sasa umlete tena kitandani, nyumba ileile, harufu ileile ya dawa. Si kaandika mwenyewe? Ukiirudisha palepale inakumbuka. Mwache."

Nikaona ana haki. Miaka yote sikuwahi kumsikiliza huyu mama kwa lolote. Hili nilimsikiliza.

Wiki ya mwisho nilikwenda posta kupiga telegramu. Nilishika foleni. Nilipofika dirishani yule dada akasema, "Mzee, sema maneno yako." Nikasema nimesahau anwani. Nikarudi nyumbani.

Hakuteseka sana. Alikunywa chai kidogo, akasema ina sukari nyingi. Nikaenda kuipunguza. Niliporudi amekwenda.

Ukipata likizo Desemba, njoo.

Baba yako


1 Juni 1992

Baba, shikamoo. Na Bibi, shikamoo, shikamoo tena, maana ile ya mara ya mwisho niliisahau.

Barua yako ya tarehe tisa imefika. Umesema nisije, nami nimetii. Nilingoja telegramu siku nyingi, kila mtu akipita ukumbini na karatasi nainuka. Sikutegemea jibu la "usije," lakini basi, kama anautukana uji wako nimeamini ana nguvu. Sanduku nimelirudisha chini ya kitanda. Sikuondoa nguo zilizomo, nimeona uvivu.

Baba, nisomee hapa kwa Bibi, polepole.

Bibi, maji ya baridi yamekuja mapema. Leo asubuhi tumeigandisha upya ile shaba. Ina umri wa saa chache, laini, ukiigusa kidogo na sumaku inageuka yote, haijui ukaidi. Mzee wa Miwani anasema subiri, itajifunza. Nimekununulia soksi nzito za sufu, za kuvaa ndani. Sizitumi kwa posta, nitakuvalisha mwenyewe. Na usilale sebuleni, upepo wa mlango ule mbaya. Mwambie huyo Bwana Barafu anayekusomea akuhamishie kitanda, mikono anayo.

Mjukuu wako


24 Juni 1992

Baba,

Barua yako imefika. Sina salamu za kuandika.

Nimehesabu tarehe. Siku ninaandika habari za soksi, alikuwa kaburini karibu wiki nzima. Ulipoipata uliifanya nini? Uliisoma kwa sauti?

Nilikuwa na ruhusa. Nilikuwa na sanduku limefungwa. Nilikaa kwenye kile chumba nasikiliza bomba linagonga, sina kazi, sina shaba, nangoja neno moja. Karani simlaumu, mtu lazima apumzike. Posta siilaumu. Lakini wewe ulikuwa na kalamu tangu Februari. "Ni jambo dogo." "Kuna hewa." Nyonga imevunjika, unaniandikia kuna hewa!

Mmechukua maneno yangu ya shaba mkanifanyia mimi. Mimi si shaba, Baba. Shaba haijali kama inakumbuka au haikumbuki, haiumwi na lolote kati ya hayo mawili. Mimi nilitaka kukumbuka. Mama alipokwenda nilikuwa nimemshika mkono, ndiyo, na nililia miaka, ndiyo, lakini ule mkono ninao mpaka leo. Wa Bibi sina. Ya kwangu ya mwisho ni agizo la "sisi hatuendi popote."

Na mlikubaliana! Mara moja katika maisha yenu mnakubaliana, mnakubaliana juu ya hili.

Mzee wa Miwani ameniambia niende nyumbani, nichukue hata miezi miwili. Nimemwambia sitaki. Unasema nije Desemba. Nije kumwona nani?


17 Julai 1992

Mwanangu,

Barua yako nimeipata siku nyingi. Nilianza kujibu nikachana. Hii ni ya tatu au ya nne.

Umeuliza barua ya soksi niliifanya nini. Niliisoma kwa sauti. Sebuleni, kitanda kikiwa bado pale, kimekunjwa godoro. Umeandika nisome polepole, nikasoma polepole. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake, akasikiliza kutoka dirishani. Alipomaliza kujifuta macho akaendelea kushona.

Sibishi uliyoandika. Nimeyasoma nikatafuta pa kubisha, sijapaona. Bibi yako alikuwa na haki, na wewe una haki, na mimi nilikuwa na miguu ya kufika posta. Nilifika. Huo ndio ukweli wote.

Habari za huku. Msimamizi amenitoa kwenye ndoano, sasa nakaa mlangoni kuhesabu magari. Ni mgongo. Sikukuandikia ulipoanza kuuma, mwaka jana Novemba. Nakuandikia sasa. Daktari anasema ni uti wa mgongo umechoka, si ugonjwa wa kuua, ila kubeba basi. Pia jicho la kushoto halioni vizuri jioni. Pia nilianguka bafuni mwezi uliopita, sikuvunjika, nilipasuka hapa juu ya nyusi, nyuzi nne. Hayo ndiyo yote. Nimetafuta kingine nilichokuficha, sikumbuki kingine. Nikikumbuka nitaandika.

Nyumba imekuwa na nafasi mno. Napika uji kwa mkono uleule, unatoka sufuria nzima, nakula siku mbili. Ni mbaya kweli. Nilidhani ananionea.

Chumba chako kimefagiwa. Nimefagia mimi. Utaona pembe zimebaki na vumbi, usiseme kitu.

Sasa lile swali lako la mwisho. Nilikaa nalo. Kwanza nilitaka kuandika, uje kuona kaburi. Kaburi ni udongo, halina haraka. Halafu nikataka kuandika, uje kumsalimu jirani, amekuulizia sana. Kweli amekuulizia, lakini si yeye. Nikamwuliza Kifupi, mtu akikuuliza nije kumwona nani unamjibu nini. Akaniangalia kama mjinga, akasema, "Mzee, hilo nalo la kuuliza?" Akaenda zake kupakia gari.

Mimi kuandika sijui. Nitaliandika hivyohivyo.

Nipo mimi.

Baba yako